Mvua ya Milimani, Mchanga wa Mutambala: Maisha ya Marehemu Casimir Ebengo

Yamesomwa na kaka yake, Eugène, Baraka, Jumapili tarehe 21 Desemba 1958

Ndugu wa ukoo, majirani wa Baraka na Mboko, na ninyi mliotoka mashambani moja kwa moja mkiwa bado na matope mikononi: marehemu anawashukuru kwa kufika. Msiyaonee haya matope hayo. Haya tuliyo nayo leo ina sababu nyingine, na marehemu mwenyewe aliagiza isemwe mbele ya jeneza lake bila kupambwa. Wiki iliyopita aliniambia, akiniita yaya kama mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa, "Yaya, musinipake mafuta. Mukisema nilikuwa mutu muzuri tu, batu batacheka, na bakicheka iko haki yao." Kwa hiyo yatasomwa kama alivyoagiza.

Marehemu Casimir Ebengo alizaliwa Mboko mwishoni mwa Februari 1914, mtoto wa tatu wa mzee Ebengo, mvuvi, na mama Marie, mkulima. Alibatizwa tarehe 4 Machi, siku ya Mtakatifu Casimir, na padri hakutafuta jina mbali. Baba aliuliza huyo Casimir alikuwa nani. Akaambiwa alikuwa mtoto wa mfalme. Baba akasema ni vizuri, basi huyu angalau atavaa viatu. Alivivaa, tena kabla yetu sote.

Maisha yake hayaelezeki bila kumtaja kwanza mama yetu, na kazi ambayo mama zetu waliifanya na ambayo vijana waliosimama hapa hawakuiona. Nzige wakitua wakati mvua zinaanza, jike huchomeka mkia ardhini na kutaga, kisha huziba shimo kwa povu jeupe linalokauka kama mate. Baada ya hapo yote yanategemea maji. Udongo ukikauka kabisa, mayai hunyauka. Ukijaa maji, huoza. Ukiwa na unyevu wa kiasi, mnamo mwezi mmoja hutoka tunutu, watoto wa nzige wasio na mabawa. Hao hutembea kwa miguu, wengi kuliko mtu anavyoweza kuelewa, wakila kila jani lililo mbele yao. Nzige mkubwa hufukuzwa kwa ngoma na moshi, akaenda kula kwa wengine. Tunutu hana pa kwenda. Amezaliwa kwako, atakula kwako.

Kwa hiyo mama zetu hawakutazama angani. Waliingiza mkono katika udongo mpaka kiwiko, wakatoa konzi moja, wakafinya na kufungua vidole. Udongo ukimwagika kama unga, waliacha. Ukitoa maji, waliacha. Ukishikana na kubaki na alama za vidole, walipiga yowe na kijiji kizima kikatoka kuchimba mayai, wagonjwa na wazee pia, mpaka yaishe. Na palikuwa na sharti moja: mtu hafinyi udongo wa shamba lake. Anaufinya jirani. Mama alitueleza sababu: mwenye shamba hufinya kwa tamaa, na tamaa hudanganya mkono. Mwaka 1933, nzige walipofunika Mboko, mama yetu ndiye aliyefinya udongo wa majirani wengi, na Casimir, kijana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyembebea jembe. Aliijua kazi hiyo. Hilo msilisahau, kwa sababu yeye hakulisahau mpaka kufa.

Alisoma katika shule ya misheni hapa Baraka kuanzia mwaka 1923 hadi 1929. Alikuwa mwanafunzi mwepesi, mwenye hesabu nyingi na subira ndogo. Wazee wenzangu wanakumbuka kisa cha kopo. Casimir aliokota kopo tupu la maziwa, akalikwaruza mistari kwa msumari, akaliweka katikati ya uwanja wa kanisa ili lipime mvua. Ikafika sikukuu yenye maandamano. Padri alikuwa ameinua macho kwa ibada, akalikanyaga kopo, mguu ukaingia na haukutoka. Maandamano yalisimama. Watu walidhani padri amepata maono. Casimir akapita kati ya wazee, akapiga magoti, akatazama ndani ya kopo, akasema, "Padri, pole, lakini tafazali usitikise, sijasoma bado." Alichapwa, halafu akapewa kopo jipya. Tulimcheka miaka mingi, na yeye alicheka pamoja nasi. Ni vizuri kukumbuka kwamba alijua kucheka.

Tarehe 17 Juni 1939 alifunga ndoa takatifu na Florentine, binti wa Baraka, aliyeketi hapa mbele yetu. Mungu aliwajalia watoto watatu: Godelieve, Fabien na Suzanne. Kwa miaka kumi na tisa Florentine alipika, alilima, aliuza samaki sokoni, na katika miaka mitatu ya mwisho alibeba pia jambo ambalo hakuna mke anayelitarajia siku ya harusi. Alipita sokoni akisikia jina la mumewe likitajwa kwa kicheko, akanunua chumvi yake, akarudi nyumbani. Ukoo wetu una deni la heshima kwake. Hatukulilipa alipokuwa akilihitaji.

Kazi aliianza mwaka 1936 kama kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba. Mwaka 1947 alipelekwa kusomea usaidizi wa kilimo huko Kostermansville, mji unaoitwa sasa Bukavu, na mwaka uliofuata alirudi akiwa moniteri wa kilimo wa Fizi, yaani mwalimu wa wakulima, mwenye kofia ngumu, kaptula nyeupe na baiskeli. Nyuma ya bureau, ofisi ya serikali kule Fizi, juu mlimani, palisimikwa chombo cha kupimia mvua, ndoo ndogo ya zinki juu ya mti. Kila asubuhi aliisoma na kupeleka hesabu kwa agronome, mkubwa wake wa kilimo. Alifundisha watu kupanda kwa mistari na kuanika pamba, na wengi waliofuata mafundisho yake walipata faida. Nayo pia ni kweli, na lazima isomwe.

Lakini katika miaka hiyo mikono ilitoka udongoni. Mama yetu alifariki mwaka 1951, na wenzake walimfuata mmoja baada ya mwingine. Mabinti zao walikuwa na pamba ya kupalilia, na kapita nyuma yao. Likizuka swali la mvua, la mbegu au la mdudu, jibu lilikuwa moja, nendeni mkamwulize moniteri. Hakuna aliyekataza desturi ya zamani. Tuliiacha kwa sababu ilikuwa kazi ngumu, na kulikuwa na mtu mwenye kofia ambaye angefikiri kwa niaba yetu. Leo watu wanasema marehemu ndiye aliyewanyang'anya akili akina mama. Huo ni uongo. Akili tulimpa wenyewe aitunze, tukaenda kunywa.

Novemba 1955 nzige walikuja kutoka kusini ya ziwa. Hawakukaa muda mrefu. Walitua katika mchanga wa mto Mutambala, hapo ambapo watu wa Baraka wanalima mpunga na mahindi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka vizuri. Walitaga, wakaondoka. Kila mtu aliona povu jeupe. Kisha mvua ikakatika. Jua likawaka mpaka mchanga ukaunguza nyayo, na juu kule Fizi ndoo ya zinki ikawa kavu, siku baada ya siku.

Jumapili tarehe 11 Desemba, baada ya misa, watu walikusanyika nje ya kanisa kumsubiri moniteri. Swali lilikuwa moja: je, tuache kupanda na kuchimba mayai, au tupande? Kuchimba kungekula wiki nzima ya kila mtu, na mbegu zilikuwa zinangoja. Marehemu alishuka kwenye baiskeli, akafuta jasho, akatangaza kwamba mvua hakuna, mayai yamekauka, watu wakapande.

Marthe, ambaye shamba lake linapakana na la Casimir na Florentine, alikuwa amembeba mgongoni mtoto wake Raphaël. Akauliza, "Moniteri, bamama ba zamani balikuwa banaingiza mukono. Tusiingize mukono kwanza?"

Marehemu akajibu, "Mama Raphaël, mukono haina namba. Ndoo iko na namba."

Watu wakacheka. Pale pembeni alikuwepo Azarias Ntagwabira, mfugaji wa milima ya juu, upande wa Minembwe, aliyeshuka kuuza siagi. Azarias hakuwa na habari za mayai ya nzige. Alikuwa analalamikia biashara yake. "Nyinyi muko na jua hapa," alisema, "lakini kule kwetu mvua hailale. Siagi yangu imelowa njia yote. Ngombe zinataka kuvaa viatu."

Marehemu akamgeukia. "Azarias, mvua ya ngombe zako haiko kazi yangu. Mi napima mvua ya serkali."

Hapo watu walicheka mpaka Azarias mwenyewe akacheka. Neno hilo lilipendwa. Lilirudiwa njiani, majumbani, kwenye mitumbwi. Na watu walirudi nyumbani wakiwa na furaha, maana walikuwa wamesamehewa wiki ya kuchimba. Wapo hapa waliompigia makofi. Wanajijua.

Sasa, kila mtu wa Baraka anajua Mutambala unatoka wapi. Mtoto anayeoga humo anajua. Unatoka milimani, kwenye malisho ya akina Azarias. Mvua iliyomlowesha Azarias na siagi yake ilishuka mtoni. Mto haukufurika, kwa hiyo hakuna aliyeutazama, lakini maji yalijipenyeza chini ya mchanga, upande huu na upande ule, yakapanda taratibu mpaka chini ya mayai. Juu mchanga ulikuwa majivu ya moto. Kwenye kina cha kiwiko ulikuwa na unyevu wa kiasi, kama vile nzige angeuchagua mwenyewe. Ndoo ya Fizi ilikuwa imesema kweli juu ya Fizi. Haikuulizwa juu ya mchanga wa Mutambala, na haikuwa na mkono.

Wiki ya Noeli tunutu walitoka. Januari waliingia kwenye mpunga uliokuwa umechipuka, kisha mahindi, kisha majani ya mihogo. Agronome alituma pumba zenye sumu, zikafika zimechelewa, zikaua kuku. Watu walichimba mitaro na kuwasukumia humo kwa matawi, usiku na mchana, lakini mtaro wa Januari hauokoi kilichopaswa kuokolewa Desemba. Kufikia Machi watu walikuwa wanang'oa mihogo michungu na kuila kabla haijalowekwa vya kutosha, kwa sababu tumbo halikuweza kungoja. Raphaël, mtoto wa Marthe, alikula mihogo hiyo, akafariki tarehe 8 Aprili 1956. Alikuwa na miaka minne. Marehemu aliagiza jina la mtoto huyo lisomwe katika wasifu wake, baada ya majina ya watoto wake mwenyewe, na tarehe yake isikosewe. Limesomwa.

Mwezi Julai aliacha kazi. Wengine wanasema alifukuzwa. Alipeleka kofia na baiskeli bureau, akashuka mlima kwa miguu. Katika kijiji watoto walimfuata wakiimba, "Mvua ya serkali! Mvua ya serkali!" na wazazi wao hawakuwanyamazisha. Akija kwenye kilio au kwenye pombe ya harusi, watu walibana nafasi pale kwenye benchi mpaka isiwepo. Sisi wa ukoo pia tulibana. Tulikuwa na njia moja rahisi ya kuondoa haya yetu, nayo ilikuwa kuirundika yote juu ya mtu mmoja. Kila mtu aliyepiga makofi ile Jumapili alikuwa amesahau makofi yake. Ukiwauliza walikuwa wapi, utadhani Casimir alihutubia kanisa tupu.

Yeye hakujitetea. Florentine alipomwambia, "Lakini balikusikiliza benyewe, hakuna mutu balifunga kamba," alijibu, "Bo balikuwa hawajui. Mi nilibeba jembe ya mama." Akarudi kwenye jembe kweli. Alilima shamba lake la Mutambala kama mtu yeyote, bila mistari. Mvua zilipoanza, mwaka 1956 na mwaka 1957, alionekana amepiga magoti mchangani, mkono umezama mpaka kiwiko, ingawa hapakuwa na nzige. Wapita njia walimwuliza, "Casimir, unatafuta ndoo yako?" Alisema anajifunza. Mtu wa miaka arobaini na mitatu.

Jambo moja tu alilitaka. Kila asubuhi akipita kwenye mpaka wa shamba la Marthe alisimama, akavua kofia yake ya majani, akasema, "Jambo, mama Raphaël." Marthe alitazama mto. Hakumtukana, hakumlaani. Alitazama mto mpaka apite. Watu walimshauri marehemu apite njia nyingine, au amwite Marthe kwa jina lake tu, asimkumbushe mtoto. Alisema njia nyingine ni ya mtu mwizi, na jina la mtoto halifichwi. Aliendelea hivyo miaka miwili na zaidi. Kwetu sisi ilikuwa ukaidi. Baadhi yetu tulimwambia anatuongezea aibu.

Septemba mwaka huu alianza kukohoa na kukonda. Oktoba alipelekwa hospitali ya misheni, ikaonekana ni kifua, nacho kilikuwa kimekwenda mbali. Alilazwa mwezi mzima, akarudishwa nyumbani ili afe kati ya watu wake. Waliokuwa watu wake ni Florentine, watoto, na mlango uliofunguliwa mara chache sana.

Mwishoni mwa Novemba nzige walikuja tena. Kundi dogo kuliko la mwaka ule, nanyi mliliona. Walitua mahali palepale, wakataga palepale, wakaondoka. Kisha, kana kwamba Mungu anatuuliza swali lilelile ili aone kama tumejifunza, mvua ikakatika na jua likawaka. Wazee walikaa, wakazungumza. Mmoja alisema tuandike barua bureau. Mwingine alisema moniteri mpya amesema atakuja baada ya Noeli. Mwingine alisema mwaka huu mchanga ni mkavu zaidi, mayai yatakuwa yamekufa. Nilikuwepo. Baada ya yote yaliyotupata, tulikuwa tumekaa kwenye viti tukibishana juu ya anga.

Alhamisi iliyopita, tarehe 18 Desemba, alasiri, Marthe aliingia katika nyumba ya Casimir. Alikuwa hajakanyaga humo tangu kifo cha mtoto wake. Mkono wake wa kuume ulikuwa na mchanga mpaka kiwiko, na mikononi alishika jani la mgomba lililofungwa. Florentine alikuwa jikoni, nami nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Hiki ndicho kilichosemwa, hakuna neno lililoongezwa.

Marthe alisema, "Nimechota katika shamba yangu. Siwezi kuifinya miye. We ndiyo jirani."

Marehemu aliugeuza mkono wake juu ya blanketi. Kisha akasema, "Mama Raphaël, tafuta mwingine. Huu mukono ilisha kukuua mara moja."

"Upande ya pili ni mto," Marthe akajibu. "Mto haina mukono. Jirani ni we. Finya."

Alitaka kukaa. Tulimwinua, tukamwegemeza ukutani. Marthe akafungua jani. Marehemu hakugusa bado. Akauliza, "Umechota juu ao chini?"

"Chini. Kiwiko yote ilipotea."

"Mutoni mbali ao karibu?"

"Katikati, pale mahindi ilikufa ile mwaka."

Ndipo akachukua konzi. Hakuwa na nguvu, vidole vilikuwa vimebaki mifupa, na alipofinya alifumba macho kama mtu anayesikiliza. Akafungua mkono. Udongo ulikuwa umeshikana. Alama za vidole vyake vinne zilikuwa zimeonekana wazi, na hata tone la maji halikutoka.

Akasema, "Inashika. Muchimbe."

Marthe akamwuliza, "Uko na hakika?"

Marehemu akasema, "Hapana. Siko na hakika. Muchimbe."

Mtu huyu ambaye mwaka 1955 alikuwa na hakika mbele ya kanisa zima alisema hivyo, na mimi, niliyekaa kando yake, niliona haya kwa ajili yetu wote, kwa sababu lile lilikuwa jibu la mama yetu. Mama hakuwahi kuwa na hakika. Alichimba.

Marthe akafunga mchanga wake katika jani. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema, "Jambo, Casimir."

Jambo lile lilikuwa limekawia miaka miwili na miezi minane. Marehemu alijibu, "Jambo, mama Raphaël," akalala.

Jioni hiyohiyo yowe lilipigwa kandokando ya Mutambala, yowe ambalo sikuwa nimelisikia tangu ujana. Marthe ndiye aliyelipiga. Hakwenda kuuliza ruhusa kwa wazee. Akina mama walitoka na majembe, kila mmoja akafinya udongo wa mwenzake, na wengi wao hawakuwahi kufanya hivyo maishani, walikuwa wanakumbuka walichosikia kwa bibi. Ijumaa wanaume wakafuata kwa aibu. Jana Jumamosi hata Azarias Ntagwabira, aliyeshuka na siagi yake, aliweka mzigo chini akachukua jembe. Mtu akamtania, "Azarias, kule kwenu mvua iko namna gani?" Akajibu, "Leo munauliza!" Na safari hii aliyecheka alikuwa yeye peke yake.

Marehemu Casimir Ebengo alifariki jana, Jumamosi tarehe 20 Desemba 1958, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti za wachimbaji zilifika. Florentine alimwambia kwamba wametoa vikapu vingi vya mayai na wanavichoma. Aliuliza kama wamefika kwenye shamba la Marthe. Akaambiwa wamelianzia. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwa hakika.

Hatujui kama tumechimba yote. Wiki mbili zijazo zitatuambia. Mayai mengine yatakuwa yametupita, na baada ya mazishi haya lazima turudi mtoni kabla jua halijazama. Marehemu hatakasirika tukiondoka mapema.

Ameacha mjane, Florentine, watoto watatu, Godelieve, Fabien na Suzanne, mjukuu mmoja, mimi kaka yake, dada mmoja aliyeolewa Mboko, na jirani mmoja, Marthe, ambaye marehemu aliagiza atajwe pamoja na ukoo. Baba yetu, mama yetu, na mtoto Raphaël wamemtangulia.

Sasa tutatupa udongo. Kaburi hili limechimbwa katika mchanga wa Mutambala, mpakani mwa mashamba mawili, na ndilo shamba lake la mwisho. Mnajua sharti: mwenye shamba hafinyi udongo wake. Kwa hiyo kila mtu atakayechukua konzi asiitupe upesi ili aende zake. Aifinye kwanza, afungue vidole, atazame, halafu ndipo aiachie. Marthe ataanza. Majirani watafuata, na sisi wa ukoo tutakuwa wa mwisho, kama tulivyostahili.

Lala, Casimir, ndugu yetu. Udongo wako tunaufinya sisi. Pumzika kwa amani.